Piano ya Bibi

Nilipoolewa na mpima ardhi nilihamia nyumbani kwake na cherehani moja, masanduku mawili ya vitambaa, na meza ya kukatia nguo ambayo haikupata mahali pa kukaa. Sebule yake ilikuwa na dirisha moja pana lililotazama mawio ya jua. Fundi yeyote wa nguo akiliona dirisha kama lile hujua papo hapo kwamba lilifunguliwa kwa ajili ya meza ya kukatia, kwa sababu ni mwanga wa asubuhi tu unaoonyesha bila uongo tofauti ya nyeusi na buluu iliyokolea. Lakini chini ya dirisha hilo ilisimama piano. Ilikuwa ya mbao nyeusi, kimo chake kikinifika kifuani, na ilikaa pale kama mgeni wa heshima ambaye kila mtu anamzunguka na hakuna anayethubutu kumwomba asogee.

Siku ya tatu nilimuuliza mume wangu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama haingewezekana kuihamisha. Alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Iache hapo hapo," akasema. "Ni ya bibi yangu."

Akachukua kofia yake, akaenda kazini.

Mume wangu ni mtu wa sentimita. Akiingia chumbani hukadiria urefu wa ukuta kabla ya kusalimia, na kwa kawaida hakosei hata kwa upana wa kidole. Maneno ndiyo hayapimi. Kwetu, nilikokulia, bibi ya mtu alikuwa mke wa mtu, basi. Nikabaki nimesimama sebuleni na kikombe mkononi, mwanamke mwenye ndoa ya siku tatu, nikijiuliza: kama bibi yake ni mwingine, mimi ni nani?

Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki miaka minne kabla sijaja. Hilo nililijua na nililikubali mbele ya watu. Nilijiambia kwamba mtu mzima hamwonei wivu marehemu. Marehemu hapiki, hajipambi, wala hamsubiri mtu mlangoni jioni. Nilijidanganya. Mke mwenza aliye hai huzeeka, huzidisha chumvi, hununa bila sababu, na siku moja moja humchosha mumewe. Marehemu hakosei tena. Na huyu alikuwa na picha yake juu ya piano, ndani ya fremu ya shaba, akiwa amevaa gauni la manjano. Nilitafuta kosa katika gauni lile kama mkaguzi atafutavyo kosa katika daftari la mwalimu asiyempenda. Mabega yalikuwa yamekaa. Upindo ulikuwa umelala sawasawa. Aliyelishona alikuwa fundi hasa, na jambo hilo liliniudhi kuliko uzuri wa uso.

Nikanunua ua ndani ya chungu na kuliweka juu ya piano, mbele ya fremu, hata ikabaki kuonekana paji la uso tu. Kesho yake chungu kilikuwa kimesogea kushoto. Nikakirudisha. Kikasogea tena. Tulikwenda hivyo kwa wiki nyingi, mimi na binti wa mume wangu, bila kutamkiana neno hata moja juu ya ua hilo.

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Aliniita Mama Mdogo tangu siku ya kwanza, kwa adabu isiyo na ufa wa kupitisha sindano. Kila alasiri akirudi shuleni aliketi kwenye piano akapiga wimbo mmoja wa polepole, na kila alasiri alikosea mahali pale pale, panapokaribia mwisho, ambapo sauti moja ilitoka butu kama mtu aliyejikwaa. Mbele yangu ulikuwa mgongo wake. Juu ya mgongo huo, macho ya mama yake. Sitaficha kwamba nililisubiri kosa lile. Lilikuwa ndicho kitu pekee katika wimbo huo kilichokuwa upande wangu.

Kazi yangu niliifanyia chumbani, nikikata vitambaa juu ya kitanda. Mteja wangu mmoja, mke wa muuza vioo, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisimama katikati ya chumba akiwa ameinua mikono nimpime kifua, akatazama mito yetu.

"Dada, hivi sebule ile ya nani?"

"Ya piano," nikajibu.

"Na wewe je?"

"Mimi napanga chumba."

Alicheka hadi tepe ikanitoka mkononi. "Basi lipa vizuri," akasema, "usije ukahamishwa ukaletwa mwingine wa kupiga kinanda."

Yeye alikuwa akitania. Mimi sikulala mchana ule, ingawa nilikuwa nimejilaza kwa kusudi hilo.

Miezi minane baada ya ndoa yetu mume wangu alisafiri wiki nzima kwenda kupima viwanja. Asubuhi ile ile nilipiga simu. Namba ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa piano, kwenye karatasi iliyobabuka: fundi wa piano, kukaza nyuzi na matengenezo. Hila yangu ilikuwa nyepesi. Nilikwisha kusikia kwamba piano haitakiwi juani. Fundi angekuja, angesema mwenyewe iondolewe dirishani, nami ningeipeleka stoo kwa kauli ya mtaalamu. Mume wangu huheshimu wataalamu.

Siku ya tatu ya safari ile alikuja mzee mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio, ingawa alikuwa nayo mawili, tena makubwa. Alivua kofia, akaisalimia piano kwa kuigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, ndipo akanisalimia mimi. Kisha akainua chungu changu cha maua na kuitazama duara nyeupe ya maji iliyobaki kwenye mbao.

"Nani kaweka bustani hapa?"

Akakiweka chungu sakafuni, akanikabidhi picha ya gauni la manjano kana kwamba ni sahani, akafungua kifuniko na kuanza kubonyeza, sauti moja moja, kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Jua linaila," akasema mwishowe. "Tazama ubavu huu ulivyopauka. Asubuhi inachomwa, jioni inapoa, mbao zinavimba na kusinyaa, nyuzi zinalegea. Na hapa pana kibonyezo kinachokwama." Akakigonga mara tatu, ile sauti butu ikatoka mara tatu. "Nani anaipiga?"

"Binti wa nyumba."

"Anakosea hapa?"

"Kila siku."

"Hakosei yeye. Inakosea piano. Mtoto analaumiwa bure."

Niliitazama picha niliyoishika. Miezi minane nilikuwa nimefurahia kosa la mbao.

"Basi isikae dirishani," nikasema haraka, kwa kuwa hayo ndiyo niliyomwitia. "Mimi ninayo stoo nyuma, haina jua kabisa."

"Mwanangu, ukiipeleka stoo mwite mchimba kaburi, usiniite mimi." Akaanza kuizunguka sebule, kiganja chake kikipapasa kuta. "Ukuta huu una jiko upande wa pili. Joto na mvuke. Hapana. Huu una mlango. Kila anayeingia ataigonga, na upepo utaipiga mgongoni. Hapana." Akafika kwenye ukuta wa tatu, uliotenganisha sebule na chumba chetu cha kulala, akaulaza mkono wake pale kama daktari. "Huu ndio. Ukuta wa ndani: haujui jua, haujui mvua. Unaiweka hapa, unaiachia nafasi ya shubiri moja nyuma, maana piano ya namna hii husemea mgongoni. Na juu yake usiweke kitu. Chochote kitatetemeka."

Juu ya mkono wake ilitundikwa picha yetu ya harusi. Hiyo ilikuwa ndicho kitu changu pekee katika sebule ile, na upande wa pili wa ukuta, mahali hasa alipoweka kiganja, palikuwa na kichwa cha kitanda changu. Nilikuwa nimemwita mtu aitoe piano ya mke mwenzangu machoni pangu, naye alikuwa akinipendekezea nilale nayo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. "Hapo haiwezekani," nikasema.

"Inawezekana. Iliwahi kukaa." Akaelekeza kidole cha mguu sakafuni. Nilipoinama niliona vishimo vidogo kwenye mbao, alama za magurudumu mazito. Nilikuwa nimepiga deki juu yake kwa miezi minane bila kuuliza. "Na kule kwenye mlango iliwahi kukaa pia. Njoo uone."

Akainua kifuniko cha juu hadi mwisho. Upande wa ndani, ambako hakuna anayetazama, palikuwa na orodha ya penseli. Kila alipokuja alikuwa ameandika tarehe, nani aliyemwita, na mahali alipoikuta piano. Mistari ya juu, kumi na zaidi, ilisema: Bibi, dirishani. Bibi, dirishani. Bibi, dirishani. Niliposoma neno lile likiwa limepangwa kama shanga, nilianza kulihesabu mstari kwa mstari.

"Alikuita mara nyingi," nikasema.

"Kila mwaka bila kukosa. Alikuwa mkali huyo. Nikikaza uzi kupita kiasi ananipiga na fimbo yake ya kutembelea, tena alikuwa na meno mawili tu, hasemi ukamwelewa, ila fimbo unaielewa."

Nikaitazama picha. Mwanamke wa gauni la manjano alikuwa na meno yote.

"Bibi yupi?" nikauliza.

"Bibi yake bwana wako. Mama wa baba yake. Amekufa na miaka themanini na sita." Akanitazama kwa mashaka. "Ulidhani nani?"

Kwetu huyo tunamwita nyanya. Sikumwambia hivyo. Niliomba ruhusa ya kwenda kumletea maji, nikasimama jikoni muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji, nikihesabu safari za chungu cha maua, vitambaa kitandani, na alasiri zote nilizompa kikongwe wa meno mawili wivu wangu wote.

Niliporudi alikuwa bado anasoma orodha yake. Chini ya mistari ya Bibi ilikuwapo mitatu tofauti. Mke, ukuta wa mlango. Mke, ukuta wa ndani. Na wa tatu: Mke, dirishani. Basi.

"Huyu marehemu mwenye picha," akasema, "hakuitaka kabisa. Nikianza kukaza nyuzi anaziba masikio kwa pamba. Alikuwa na meza yake ya kushonea, alitaka dirisha. Mara ya kwanza akaisukumia mlangoni. Bwana wako akarudi safari akairudisha, eti bibi aliiweka dirishani. Mara ya pili akaileta hapa, ikarudi tena. Mara ya tatu akaniita tu kunieleza. Akasema, 'Mzee, iache. Nimechoka kugombana na mtu asiyejibu.'"

Alikuwa akishona. Gauni la manjano alikuwa amelishona mwenyewe.

Mtu angetarajia wivu wangu uishe hapo. Haukuisha, ulibadilisha kiti. Kumbe dirisha langu alilitaka kabla yangu, na ukuta niliokuwa nikiukataa aliujaribu kabla yangu. Hata hila yangu ilikuwa mtumba. Tofauti moja tu ndiyo niliyoweza kuiona: yeye aliacha. Na hapo, zaidi kwa kushindana naye kuliko kwa busara, nikapanda juu ya kiti na kuishusha picha yangu ya harusi.

"Waite watu wako," nikamwambia Sikio.

Walikuja mafundi seremala wawili wa jirani na kitoroli kifupi. Piano ilivuka sebule ikilia kwa ndani, ikasimama kwenye vishimo vyake vya zamani, shubiri moja kutoka ukutani. Mzee akakitengeneza kibonyezo kilichokwama, lakini nyuzi hakuzigusa. Alisema piano iliyohamishwa iachwe wiki tatu izoee ukuta wake, ndipo akaze. "Kama bibi harusi," akaongeza, akaenda zake. Nikaiburuta meza yangu ya kukatia hadi chini ya dirisha. Ilienea kana kwamba ilipimiwa.

Saa tisa na nusu msichana aliingia na mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Mama Mdogo, baba amekubali?"

"Baba hajui."

Alikwenda hadi dirishani, akazitazama alama nne nyeusi mahali piano ilipokuwa, kisha akatazama meza yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, na ya baridi. "Mama aliipenda pale. Alikuwa anakaa kwenye kiti kile ananisikiliza. Aliipenda sana piano hii."

Neno lilinijia mdomoni likiwa tayari, limenolewa: pamba. Mama yako alikuwa akiziba masikio kwa pamba. Lingekata safi kabisa, na tangu siku ile sebule ingekuwa yangu. Lakini nimeshika mkasi miaka kumi na tisa. Najua kwamba kitambaa kikishakatwa hakiungwi bila mshono kuonekana, na kwamba atakayeuvaa mshono ule ni mwingine, si mimi. Huenda pia marehemu aliichukia piano akampenda mpigaji, akaitoa pamba masikioni kila mtoto alipoketi. Hilo Sikio hakuliandika popote.

"Fundi anasema jua linaiharibu," nikasema. "Jaribu pale unapokosea."

"Huwa sikosei pale." Akakaza midomo. "Inakataa yenyewe."

"Najua. Nimeambiwa leo. Jaribu."

Aliketi. Nilitaka kukaa, akageuka upesi. "Kiti hicho ni cha Mama."

"Basi nitasimama. Fundi wa kukata husimama."

Akapiga. Alipokaribia mwisho nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Sauti ilitoka nzima, akapita, akamaliza. Hakugeuka, lakini alirudia kipande kile mara nne, na mara ya nne alikipiga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, kama mtu anayemthibitishia mtu jambo.

Kisha akaichukua picha ya mama yake niliyokuwa nimeilaza kwenye sofa. "Hii itakaa wapi, kama juu hapawekwi kitu?"

Nikasogeza boksi la pini. "Weka hapa dirishani, kwenye kona ya meza."

"Meza yako?"

"Alikuwa fundi. Atanikosoa."

Aliiweka, akaigeuza kidogo ili isipigwe na jua usoni. Mimi sikuisogeza.

Mume wangu alirudi baada ya siku nne. Alisimama katikati ya sebule na mkoba begani, macho yake yakipima ukuta baada ya ukuta, na mimi nikaendelea kukata, mistari yangu ikienda tenge.

"Bibi asingekubali," akasema.

Niliweka mkasi mezani. "Bibi yupi?"

"Bibi yangu. Nilikwambia."

"Kwetu, mume wangu, bibi ya mtu ni mke wake. Mama wa baba ni nyanya. Uliniambia siku ya tatu ya ndoa kwamba piano ni ya bibi yako, ukavaa kofia ukaenda."

Ilimchukua muda. Niliuona muda huo ukimpita usoni: chungu cha maua, vitambaa kitandani, jioni nilizomjibu neno moja moja. Akaketi, tena akakikalia kile kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

"Miezi minane," akasema.

"Minane na siku kumi na moja."

"Na hukuniuliza."

"Ningeuliza nini? Kama mimi ni mpangaji?"

Alishika kichwa. Kisha akautazama ukuta wa ndani, ukuta ambao alikwisha kumkatalia mtu mwingine, na nilijua anamfikiria huyo mtu, na iliniuma, na nikaiacha iume. Jioni ile alitoa tepe yake ya kazi, akapima nafasi kati ya dirisha na mlango, akagawa kwa mbili, akapigilia msumari na kuitundika picha yetu ya harusi. Aliipima mara tatu. Piano hakuigusa.

Wiki tatu zilipotimia Sikio alirudi kukaza nyuzi. Kazi ilimchukua asubuhi nzima, na masikio yalituuma sote, lakini hakuna aliyetafuta pamba. Alipomaliza akainua kifuniko, akatoa penseli nyuma ya sikio lake moja, akalamba ncha.

"Ukuta wa ndani," akasema huku akiandika. "Aliyeniita nimwandike nani?"

"Andika Bibi," nikasema.

Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, akageuka. "Yupi?"

Msichana alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu, kisha akaficha kicheko kwa kiganja.

"Aliye hai," nikamwambia fundi.

Mzee akaandika, akapuliza unga wa penseli. Kabla hajafunga kifuniko niliinama nikausoma mstari ule mara mbili, kuhakikisha hakuongeza popote maneno "wa pili".